Marrakech Wanatembea kwa Miguu, Chuga Wanapandisha Vioo

Staa wa Bongo akitua Marrakech kwa mara ya kwanza, wafuasi wake wanajua kabisa kitakachofuata. Atavaa vazi refu la Kimorocco, atashika glasi ya chai ya mnanaa, atajipoteza makusudi kwenye vichochoro vya mji mkongwe, na jioni ataibukia uwanja wa Jemaa el-Fnaa katikati ya moshi wa nyama na milio ya ngoma. Picha arobaini, zote za mtaani. Makopa yanamiminika.

Hakuna ubaya. Mji ule mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1985, na bila kutembea kwa miguu huwezi kuujua.

Sasa mlete staa huyohuyo Arusha kwa mara ya kwanza. Anashuka KIA au Kisongo, anaingia kwenye Land Cruiser, vioo juu. Anapiga selfi moja Mnara wa Saa, pale wanaposema ndiyo nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo, kisha safari ya Ngorongoro, zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini. Kesho yake yuko Chemka anaogelea na anaandika "Chuga tamu sana". Jamani! Chemka iko Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Chuga yenyewe hata hajaikanyaga.

Mtu anaweza kusema ni picha tu, zina shida gani? Shida ni kwamba ukurasa wa staa ni tangazo. Binti wa Mwanza au kijana wa Mtwara anayejichanga kwa safari ya kwanza anachungulia huko kwanza. Asipoona mtaa, haji mtaani, na hela yake yote inaishia hotelini na getini. Mama anayeuza supu Sombetini anabaki kuhesabu magari ya watalii yanayopita.

Na wala haihitaji wiki nzima. Siku moja inatosha.

Asubuhi, panda kifodi pale Kilombero uende Mbauda. Ukiwahi kabla ya mawingu, Mlima Meru unauona wote, mita 4,566, bila kulipa hata shilingi. Piga supu na chapati, kisha ingia sokoni: ndizi, parachichi, na mitumba ya kuchambua taratibu. Wale wanaojiita watu wa fasheni wangepata pale nguo ambayo hakuna mwingine mjini anayo.

Mchana, Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Kuna makumbusho ya Azimio la Arusha, la mwaka 1967, ile siasa ya Ujamaa na Kujitegemea mliyokariri shuleni kwa ajili ya mtihani. Ukitoka hapo, kuna Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya elimu viumbe.

Jioni, Kwa Mrombo. Nyama choma na ndizi, pilipili pembeni, na machalii wa Chuga wanaobishana mpira mpaka usiku. Kama hiyo siyo Jemaa el-Fnaa ya Arusha, basi ni nini?

Kuna jambo jingine linalouma zaidi. Jemaa el-Fnaa, ukimpiga picha mcheza nyoka au muuza maji, unalipia. Mastaa wanajua, wanatoa dirhamu huku wanacheka. Wakifika kwenye soko la shanga na vinyago pale Fire, mama wa Kimaasai anageuzwa pambo la picha bila hata shikamoo, kisha bangili yake inaombewa punguzo mpaka aone aibu kuuza. Ugenini heshima, nyumbani ubabe. Hiyo siyo sawa.

Wapo watakaosema mtaani kuna vibaka na mashabiki watamzonga staa. Ni kweli vibaka wapo. Marrakech nako wanaonywa washike mikoba vizuri, na bado wanaenda. Tafuta mwenyeji, mlipe vizuri siku yake, simu ikae mfukoni ukiwa sokoni, nenda asubuhi. Kuhusu kuzongwa, mashabiki haohao ndio waliokununulia hiyo tiketi ya Marrakech.

Halafu AFCON 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha ni moja ya miji iliyojengewa matumaini, na uwanja mpya juu. Huenda shabiki wa Casablanca au Cairo akatua hapa akiuliza: mechi ni usiku, mchana nifanye nini? Akitafuta mtandaoni akakuta simba na tembo tu, atalala hotelini mpaka filimbi ya kwanza. Hapo Mbauda watauza nini, na Kwa Mrombo watamchomea nani?

Kwa hiyo staa, safari ijayo shusha kioo. Bora zaidi, shuka kabisa. Vumbi la Sombetini linafutika kwenye raba, na picha yake itamlisha mtu.

Wadau, mgeni wenu wa mara ya kwanza Chuga mngempeleka wapi kabla ya mbugani? Tiririkeni hapo chini.