Siku 90 zikipita: mtoto, komini na mzigo wa karatasi

Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi wanafika kwenye ofisi za parokia zetu na swali moja: cheti cha ubatizo kinaweza kutosha? Hakitoshi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, bila malipo. Siku hizo zikipita, mzazi anaenda kwanza mahakamani kutafuta hukumu, ile watu wanaita supletifu. Kisha atafute karatasi ya kujulisha hukumu hiyo, kisha nyingine ya kuonyesha kwamba hakuna aliyekata rufaa. Ndipo arudi eta sivili kupewa cheti. Karatasi nne kwa jina la mtoto mmoja, na kila dirisha, tuseme wazi, lina mkono unaongoja kitu.

Hatusemi hakimu hana kazi. Anazuia watu kujitungia umri au mtoto. Lakini zile karatasi mbili za katikati zinatoka mahakamani penyewe. Kwa nini mahakama isizitume komini, badala ya mama kuzunguka nazo mjini na mtoto mgongoni?

Vita imeongeza uzito. Mama aliyejifungua kambini Kanyaruchinya, kisha kambi ikavunjwa mwanzoni mwa 2025, daftari lake alitafute wapi? Na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23, wazazi wengi wanaogopa kwamba muhuri wa upande mmoja utakataliwa upande mwingine. Wanangoja, na siku zinapita. Watoto hawa hawakuchagua upande. Serikali na wale wanaotawala miji hiyo wangeweza kukubaliana juu ya jambo hili moja hata kabla ya mengine yote.

Lakini tusinyoshe kidole kwa komini peke yake. Makanisa ya Kiprotestanti yana materniti na shule nyingi huku mashariki. Tumeona mama akirudi nyumbani bila karatasi ya kuzaliwa ya mtoto kwa sababu deni la kujifungua halijalipwa. Deni lidaiwe kwa njia nyingine. Karatasi ile ni ya mtoto, na bila hiyo komini haina pa kuanzia. Tumeona pia mkurugenzi wa shule ya kanisa akirudisha mtoto wa darasa la kwanza hadi alete cheti. Amwandike, aache nafasi kwenye daftari, cheti kitafuata.

Siku 90 zina Jumapili zisizopungua kumi na mbili, na wazazi wengi wanaleta mtoto kuombewa kanisani kabla hazijaisha. Siku hiyo shemasi aulize karatasi ya materniti iko wapi, ahesabu siku zilizobaki, na wazazi wanaohitaji aende nao pamoja eta sivili juma lilelile.