Nani Amechanganya Dawa?

Msiniambie tena kwamba sisi wakimbizi tunapenda kujitibu. Neno hilo nimelisikia kwenye mikutano mingi ya kambi hizi za Kigoma, na limenichosha.

Mwaka jana shangazi yangu aliumwa mgongo. Kituoni akapewa ibuprofeni ndani ya kipakiti kisichoandikwa kitu. Maumivu hayakuisha, akanunua diklofenaki dukani, vidonge vilivyokatwa kwa mkasi. Kichwa kilipouma akaongeza vidonge vya kichwa, ambavyo ndani yake mna asprini. Yeye alijua anakunywa dawa tatu tofauti. Kumbe zote ni ndugu wa ukoo mmoja: kila moja hudhoofisha kinga ya tumbo, na zikikutana hatari ya kutoka damu tumboni huongezeka. Baada ya siku chache choo kikawa cheusi kama lami. Aliongezewa damu, akapona. Swali la kwanza aliloulizwa: "Mama, kwa nini unachanganya madawa?"

Jamani! Nani alichanganya? Aliyempa dawa isiyo na jina hakumuuliza nyumbani anakunywa nini. Mwenye duka naye alihesabu pesa tu.

Hata Panadol, ile tunayoitania kwamba ndiyo dawa ya kila ugonjwa, ina mpaka wake. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Na dawa hiyohiyo, parasetamoli, imo pia kwenye vidonge vingi vya mafua. Ukizidisha, ini huharibika kimyakimya. Siku ya kwanza unaweza kujiona mzima kabisa.

Mtasema tusome maandishi. Yapi? Mkasi umeyakata, na yaliyobaki ni Kiingereza.

Kwa hiyo nyie wa mashirika, kabla ya kutuletea semina nyingine, andikeni kwenye kipakiti, kwa Kiswahili: jina la dawa, kipimo chake, na dawa gani isichanganywe nayo. Hiyo ni kazi ya kalamu, haihitaji mradi.

Na sisi wenzangu tusijitoe. Ukienda kituoni, beba kila kidonge unachokunywa, hata cha jirani. Dukani uliza: hii ndani ina nini? Muuzaji akishindwa kujibu, rudi na pesa yako. Na ukiona choo cheusi au ukitapika damu, usingoje asubuhi.