Bazungu na ndege: tusicheke, tuulize

Kule Bulaya kuko bantu wanalipa franga mingi juu ya kuangalia ndege tu. Wanatembea kikundi kidogo, watu sita ao nane, kiongozi mbele, kila mmoja na jumeli kwa shingo. Wengi wetu tunacheka. Afazali tuulize: ndege wale wako wapi?

Fasi moja ni St Aidan's, karibu na Leeds, Uingereza. Ilikuwa mgodi wa makaa, shimo wazi kama ya Kolwezi. Mwaka 1988 mto Aire ulibomoa ukingo, maji yakajaza shimo. Ilibidi kuhamisha mto, kutosha maji, kumaliza kuchimba, kisha kutengeneza udongo upya. Leo kuko maziwa, matete na ndege tele. Mashini moja kubwa ya kuchimbia ingali pale, batoto wanaiona.

Hatusemi ndege watatoa kazi kama mgodi. Hapana. Tunasema udongo ule haukujiponya wenyewe: bantu waliufanyia kazi, na kazi ile ilipata wa kuilipa.

Kwetu pia, sheria ya migodi inalazimisha kampuni kutengeneza udongo ilioharibu. Basi sendika na wakubwa wa mitaa waombe kuona mpango ule sasa, wakati shaba na kobalti zingali zinatoka. Tukingoja kampuni ifunge mlango, tutadai nani? Shimo litabakia kwetu na maji yake machafu, na ni batoto wetu watakaoyachota.