Mwanzo wa Filamu ni Deni

Kila mwaka nakaa na wanafunzi wanaoandaa filamu zao za kumalizia kozi, na kila mwaka naletewa filamu ile ile. Simu inalia alfajiri. Mkono unatoka chini ya chandarua, unapapasa, unaizima. Kijana anaamka, anapiga mswaki, anajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyojitazama akiwa amechelewa. Kisha droni inapaa juu ya daraja, muziki mzito unaingia, majina ya watayarishaji yanatua moja baada ya jingine kwa herufi za dhahabu. Dakika tatu zimekwisha katika filamu ya dakika kumi na mbili, na mimi bado sijui kijana huyu ni nani wala anatafuta nini.

Ukiwauliza, jibu ni moja: mwanzo lazima umnase mtazamaji. Wamefundishwa hivyo, wamesoma hivyo mtandaoni, na walimu wengi wanatoa alama kwa kipimo hicho hicho. Nasema imani hiyo ni potofu na inawaharibu vijana wenye vipaji. Mwenye kuwaza kunasa huwaza chambo, na chambo ni kitu cha kumdanganyia samaki. Mtazamaji umemwalika mwenyewe, amekuja, amekaa. Anachongoja ni umwambie unamdai nini na yeye atakudai nini. Ahadi ni deni, na mwanzo wa filamu ni ahadi.

Tuangalie kwanza filamu ambazo wanafunzi hawa wanazichukua kama mfano. Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958, inafunguka kwa mikono inayotegesha saa ya bomu. Mtu analitia kwenye buti ya gari na kutokomea. Mwenye gari anaingia na mwanamke wake, wanaondoka. Kamera haikatwi. Inapanda juu ya mapaa, inashuka, inawakuta mume na mke waliooana karibuni wakitembea kwa miguu kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Gari linawapita, wao wanalipita, linawapita tena. Mwanamke aliye garini analalamika kwamba kuna tiktiki kichwani mwake. Zaidi ya dakika tatu zinapita hivyo, kisha mlipuko.

Wanafunzi wanachobeba hapo ni ile shoti ndefu. Wanamfuata mtu kutoka getini hadi kituo cha daladala bila kukata, dakika mbili nzima, na kwenye buti hakuna kitu. Welles hakurefusha shoti ili tumsifu mpigapicha. Aliirefusha kwa sababu saa inahesabu, na kila hatua ya wale wanandoa inatukaba koo. Studio ya Universal nayo iliuona mwanzo kuwa mahali pa mapambo, ikabandika majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini juu yake. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kulalamikia jinsi filamu yake ilivyohaririwa. Walter Murch alipoihariri upya mwaka 1998 kwa kuufuata waraka huo, majina yaliondolewa, na sauti za vilabu vya mtaani na redio za magari zikasikika. Welles mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1985.

Se7en ya 1995 imeibiwa zaidi. Zile herufi za kukwaruza alizobuni Kyle Cooper, ile mikono na daftari na wembe, nimeziona katika filamu za wanafunzi kuhusu mapenzi, kuhusu mpira, hata kuhusu usafi wa mazingira. Lakini mikono ile ina mwenyewe. Ni ya muuaji ambaye hatumtambui mpaka filamu imekwenda mbali sana, na ule wembe unachuna ngozi ya vidole ili visiache alama. Mwanzo ule umekopa kwa mwisho wake. Ukichukua herufi ukamwacha muuaji, umechukua kanzu ya mtu na kuivalisha mti.

Lawama hii siwatwishi vijana peke yao. Moja ya kazi za somo la Media Studies la Cambridge katika ngazi ya AS ni kutengeneza mwanzo wa filamu mpya, pamoja na majina yake, usiozidi dakika mbili. Mwanzo tu. Filamu yenyewe haipo na haitakuwapo. Mtoto wa miaka kumi na saba anaambiwa akope asichotakiwa kulipa, halafu tunashangaa akifika chuoni anajua kupamba na hajui kusimulia.

Mwanzo wa kujifunzia ni wa mwongozaji Ousmane Sembène. Filamu yake La Noire de..., ya 1966, inaanza na meli ikiingia bandarini Ufaransa. Msichana Diouana, kutoka Dakar, anashuka na sanduku lake, na tunamsikia akijiuliza moyoni kama kuna mtu atakuja kumpokea. Basi. Anapokewa, anaingizwa garini, anatazama Ufaransa dirishani na kuiona nzuri. Hakuna kilichopasuka. Lakini lile swali la kupokewa halituachi hadi mwisho, tunapoona wazi amepokewa na watu gani. Mwanzo ule ni sawa na mtu anayebisha hodi akisubiri mlangoni.

Wakenya nao wanayo Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, ya 2012. Mwas tunakutana naye kijijini akiuza DVD, anaigiza mapigano ya filamu za Marekani mbele ya wateja ili wanunue. Ni kijana anayeishi kwa midomo ya watu wengine. Mwisho wa filamu yuko jukwaani Nairobi, na maneno anayoyasema yamemgharimu marafiki. Rudi kautazame tena ule mwanzo. Kila kitu kilikuwa pale, na gharama yake ni kijana mmoja na rundo la DVD.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi watu wanatazama kwenye simu, na kidole kiko tayari kupitisha. Kweli. Lakini picha za droni ndizo zimejaa huko, kwa hiyo ndizo zinazopitishwa haraka kuliko zote. Mimi nilikulia kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akitangulia kutueleza stelingi ni yupi na ameuliwa nani. Kimya kiliingia pale tulipojua deni la stelingi, kabla hata ngumi ya kwanza haijarushwa.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea filamu kuhusu mtoto ambaye mama yake amekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. Ilianza na droni, tena ya kukodi, iliyokula nusu ya bajeti. Katika dakika ya tisa kulikuwa na jambo dogo: usiku mtoto anapakua chakula cha mama yake, anakifunika kwa kawa, anaketi kando. Asubuhi anawamwagia kuku. Nikamuuliza kwa nini filamu isianzie hapo. Akasema, "Mwalimu, hapo hakuna kinachotokea." Tulizungumza saa nzima, akaelewa, machozi yakamlengalenga. Hata hivyo hakubadilisha. Aliogopa alama.

Walimu wenzangu, nawaomba sana: msiupe mwanzo alama kabla hamjautazama mwisho. Na nyinyi wanafunzi, zikalieni hizo filamu mnazozipenda. Tazameni dakika mbili za kwanza, kisha rukeni mtazame mbili za mwisho, na mwandike ni deni gani lililolipwa katikati. Mwanzo wenu uandikeni baada ya kuujua mwisho wenu. Hela ya droni wapeni waigizaji nauli na chakula.