Pima Kichwa Kabla ya Kidole

Mwezi huu tuweke pembeni kidogo habari za meseji za usiku na nani alipe bili. Nataka tuzungumzie kitu kinachowanunisha wapenzi wengi kuanzia Shinyanga mjini na Kahama mpaka Geita na Katoro: helmeti ya pikipiki. Najua wengine mnaiita "elementi". Sawa tu, tunaelewana.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Kaka ana pikipiki na helmeti moja, anavaa yeye. Dada yuko nyuma kichwa wazi, kamkumbatia, upepo unampiga. Kwa macho ni mapenzi matamu. Siku kaka akijitutumua kununua ya pili, dada anaikataa: ina joto, ni nzito, inambana, na leo ndiyo katoka saluni. Tusidanganyane, hoja zake zote ni za kweli. Jua la Usukumani mwezi wa tisa na wa kumi si la kitoto. Kwa hiyo kaka, kumfokea hakusaidii. Mtafutie helmeti nyepesi, inayopitisha hewa na inayomkaa yeye.

Nina rafiki anayefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Ndani ya geti hapigi hatua mbili bila kofia ngumu. Akitoka nje, helmeti ya pikipiki inaning'inia kwenye kiwiko. Nikamuuliza, kwani lami ni laini kuliko mwamba? Akacheka. Mkewe hakucheka.

Wapo pia wanaoendesha pikipiki na ileile kofia ya mgodini, wakiamini kofia ni kofia. Hapana jamani. Ile imetengenezwa zaidi kwa ajili ya kitu kinachodondoka utosini. Ukirushwa barabarani inaweza kukuvuka kabla hujafika chini, na pembeni haina kinga ya kutosha. Helmeti ya pikipiki inafanya kazi tofauti. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, ndugu yake lile linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Ukianguka, povu hilo linabonyea na kumeza sehemu kubwa ya kishindo, ili ubongo usijigonge kwa nguvu kwenye fuvu. Likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali haifai tena, hata kama nje inang'aa.

Somo hili halikuanza jana. Mwezi Mei 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi wa Uingereza aliyejulikana kama Lawrence of Arabia, alianguka na pikipiki bila helmeti, akafa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, akaanza kuchunguza vichwa vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti uliosaidia kuifanya helmeti ichukuliwe kwa uzito. Mwaka 2008 uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane ulionyesha kwamba kwa anayepata ajali ya pikipiki, helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Na joto si kisingizio cha kudumu. Vietnam kuna joto na pikipiki hazihesabiki. Tangu tarehe 15 Desemba 2007, sheria yao inamtaka kila anayepanda pikipiki avae helmeti kwenye barabara zote. Walio wengi wakavaa, tena helmeti nyepesi zinazoendana na hali ya hewa yao.

Haya, tuingie dukani.

Kwanza, kipimo. Chukua futikamba ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi, pita juu ya masikio mpaka nyuma panapojitokeza zaidi. Namba hiyo ya sentimita ndiyo saizi. Helmeti ivaliwe ikiwa imeshika kotekote bila kuumiza. Mwambie atikise kichwa; ikicheza, ni kubwa. Kisha afunge mkanda wa kidevuni na wewe uisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka, irudishe kwenye rafu.

Pili, uzito na umbo. Helmeti nyingi nzuri za kufunika uso mzima zina kati ya kilo 1.3 na 1.6. Za uso wazi zinazofunika masikio na kisogo kwa kawaida huwa nyepesi na zina hewa zaidi, ila kidevu kinabaki nje. Kwa safari fupi za mjini dada anaweza kuivumilia hiyo. Kwa barabara kuu yenye malori, mimi nashauri uso mzima. Lakini uwe macho na wepesi wa ajabu: ukibonyeza ndani ukakuta sponji tu juu ya plastiki, hilo ni pambo.

Tatu, hewa. Matundu ya mbele peke yake hayatoshi. Hewa inatakiwa iingie mbele, ipite kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya povu, itokee nyuma. Chungulia ndani, matundu mengine ni urembo, yameishia kwenye ganda. Na kumbuka hewa inapita mkiwa kwenye mwendo. Mkisimama juani, vueni. Rangi nyeupe au ya kung'aa hainyonyi joto kama nyeusi, na usiku inaonekana vizuri. Kioo kiwe cheupe, maana vumbi la kwenda Nyarugusu mnalijua, na kioo cheusi usiku ni balaa.

Nne, alama. Tafuta alama ya TBS, au lebo iliyoshonwa kwenye mkanda yenye herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 05 au 06. Hicho ni kipimo cha Umoja wa Mataifa.

Tano, nywele. Dada, rasta zilizofungwa fundo utosini zinainyanyua helmeti, inakuwa kama sufuria juu ya jiwe. Suka twende kilioni, au ukifunga, funga chini kisogoni. Vaa kitambaa chepesi cha pamba ndani. Kinanyonya jasho na kulinda msuko. Kama kitambaa cha ndani cha helmeti kinatoka, kifue kila wiki. Ukiwa na yako mwenyewe, habari ya harufu ya abiria wa jana imekwisha. Hata ukipanda bodaboda, nenda nayo. Hakuna ushamba hapo.

Sasa nirudi kwenye mapenzi. Huku kwetu kwenye ukanda wa dhahabu, mwanaume akitaka kuonyesha yuko siriasi anapima kidole. Safi sana. Lakini kwa bei za sasa, gramu moja tu ya dhahabu safi inazidi dola 100 za Marekani, na helmeti ya maana mara nyingi unaipata kwa chini ya hapo. Sikuambii usinunue pete. Nakuambia anza na kichwa, maana ndicho kitakachoikumbuka siku uliyomvisha.

Na wewe dada, kama yeye ndiye anayeiacha kwenye kiwiko, usimlalamikie mara mia. Kataa kupanda mpaka wote wawili mmefunga mikanda. Atanuna dakika tano, kisha atavaa.