Desemba Hii, Nani Hajahesabiwa?

Kila Desemba, mabasi ya Moshi na Rombo yanapoanza kujaa pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, utani wetu ni uleule: Wachaga wanakwenda kwao kuhesabiwa. Wenyewe hucheka, wakalipa nauli, wakapanda. Nami hucheka, mpaka nikumbuke kwamba Krismasi ya kwanza ilianza na safari hiyohiyo. Kwa mujibu wa Injili ya Luka, Yusufu na Mariamu walitoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa sababu Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe. Walipofika, nyumba ya wageni imejaa, na mtoto akalazwa horini. Serikali iliwahesabu, mji ukawasahau.

Iko hesabu nyingine niliyoikuta kwetu Tandika, nikiwa mdogo. Mchana wa Krismasi, pilau ikishaiva, mama hakupakulia wa nyumbani kwanza. Alipanga sahani kwenye mkeka akawa anahesabu kwa vidole: ya bibi wa nyumba ya pili, ya fundi cherehani, ya wapangaji wa uani, ya yule mama mwenye pacha. Nyingi zilikwenda kwenye nyumba za Waislamu, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kusemwa. Kila sahani nyama mbili juu, kachumbari pembeni, ikafunikwa kwa sahani nyingine na kufungwa kitambaa. Tarishi nilikuwa mimi. (Nakiri: kuna mwaka sahani moja ilifika na nyama moja.) Wala sahani haikurudi tupu. Ilirudi na visheti, na ndimu, mara nyingine kikombe cha sukari. Idi ikifika hesabu iligeuka, tukawa sisi ndio wa kuhesabiwa.

Siku hizi tunahesabu mengine. Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu Kariakoo hapapitiki: nguo ya mkesha, nguo ya Krismasi, nguo ya kesho yake, na viatu vya kuendana na zote tatu. Sina ugomvi na nguo mpya. Mtoto aliyekosa gauni la sikukuu hulijua hilo tangu asubuhi, na muuza magauni naye ana wanawe. Ugomvi wangu ni na gauni la mkopo, hasa huu wa kwenye simu au wa wale jamaa tunaowaita kausha damu, unaochukuliwa tarehe 22 ili picha ya tarehe 25 ipendeze. Januari inakuja na yake. Ada katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilikwisha kuondolewa, lakini sare, begi, viatu na madaftari havikuondolewa, na vyote vinadaiwa siku chache tu baada ya pilau.

Hata tarehe 26, Boxing Day, tumeipa kazi nyingine. Tuliirithi kwa Waingereza, ambao kwao ilikuwa siku ya kuwapa watumishi maboksi ya zawadi. Mapromota wetu wa ngumi wameipenda kwa sababu ya jina lake, na mapambano yao nayaangalia, sikatai. Lakini dada wa kazi anayeipika pilau yenu, kwao atakwenda lini? Nauli yake imo kwenye bajeti ya sikukuu? Na mlinzi wa geti, siku hiyo atakula nini, na atakula saa ngapi?

Ndugu msomaji, kabla hujaingia dukani, kaeni nyumbani jioni moja mhesabu. Waacheni watoto wataje majina, maana wao ndio wanaojua nani darasani alimaliza mwaka na viatu vilivyotoboka. Mkiwa na uwezo, nunueni madaftari mawili matatu ya kaunta pamoja na hayo magauni, mkampe mzazi wa mtoto kimyakimya, bila simu ya kupiga picha. Mkiwa hamna kitu, mna damu. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa wa damu nchini, na Desemba shule zimefungwa, ilhali wodi za wazazi na za majeruhi wa ajali hazifungwi. Chupa moja ni takriban mililita 450. Mwanaume mwenye afya huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.

Na siku yenyewe ikifika, ongeza kibaba kimoja cha mchele kwenye sufuria. Sahani ya kwanza itoke nje kabla wa nyumbani hamjanawa mikono, na apewe mtoto aipeleke. Ikifika na nyama moja, msameheni.