Vikundi vya habari au jukwaa la wavuti? Mimi nauliza nani ana funguo

Wiki iliyopita nilichekwa. Sisi wanaprogramu kama arobaini hivi tuna kundi letu la WhatsApp, na kwa mara ya tatu mwaka huu mgeni aliuliza afanyeje ili seva yake ipokee taarifa za malipo ya M-Pesa. Jibu lipo. Lilishatolewa mara mbili, kwa kirefu, na mtu anayeijua kazi hiyo. Lakini limezikwa chini ya salamu za asubuhi, matangazo ya kazi na ubishi wa mpira, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulifukua. Basi tukakubaliana tutafute mahali pengine pa kuzungumzia kazi. Mwenzetu mmoja akasema tufungue jukwaa kwenye wavuti. Mimi nikasema tufikirie pia vikundi vya habari, vile vya Usenet. Kijana mmoja akanijibu, "Mzee, hiyo si ni ya enzi za Moi?"

Ni kweli, ni ya enzi za Moi, tena za mwanzo kabisa. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani. Lakini umri peke yake si hoja, na kwa kuwa kule kundini sikupewa nafasi ya kujieleza, nitajieleza hapa.

Jukwaa la wavuti kila mtu analijua: unafungua ukurasa, unajisajili, unauliza, unajibiwa. Kila neno linalosemwa humo hukaa katika hifadhidata moja, kwenye seva moja, chini ya mwenye nyumba mmoja. Kikundi cha habari hakina nyumba moja. Unatuma ujumbe kwa seva iliyo karibu nawe, nayo huupitisha kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, mpaka kila seva inayobeba kikundi hicho iwe na nakala. Ni kama habari za msiba kijijini: hakuna ofisi inayozitangaza, lakini kufikia jioni kila boma linazo. Itifaki inayotumika, NNTP, iliandikwa mwaka 1986, na programu kama Thunderbird bado inaielewa.

Mimi nilivijua vikundi hivi miaka ya mwanzo ya 2000. Ofisini tulikuwa na modemu moja na laini moja ya simu, na mdosi alipousikia ule mlio wake tu alianza kutazama saa. Nilikuwa nafungua Outlook Express, navuta ujumbe wote mpya wa vikundi vyangu, nakata simu, kisha nasoma mchana kutwa bila kulipa hata shilingi. Majibu yangu nilikuwa nayaandika polepole, nikiijaribu kila kodi kabla ya kuituma kesho yake. Sijawahi tena kujibu watu kwa uangalifu kama ule.

Sasa nisije nikadanganya kwa sababu ya mapenzi. Vikundi vya habari vina kasoro, na si ndogo. Ujumbe ukishatumwa umetumwa. Ukikosea mstari wa kodi huwezi kurudi kuurekebisha, unatuma mwingine wa kuomba radhi. Kwa kuwa vingi havina bawabu, barua taka huingia zipendavyo: Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani, Canter na Siegel, walitupa tangazo lao la bahati nasibu ya kadi za kijani katika maelfu ya vikundi, na tangu hapo mlango haukufungika vizuri. Halafu jaribu kumweleza kijana aliyejifunza kila kitu kwenye rununu kwamba kwanza atafute programu ya kusomea, aiwekee jina la seva, ajiandikishe kwenye kikundi. Kabla hujamaliza sentensi ya pili ameshakwenda YouTube.

Jukwaa linayatatua mengi ya hayo. Kodi inaonekana kwa rangi, msimamizi anafuta takataka, anayekosea anajisahihisha, na anayetafuta kwa Google analipata jibu hata kama hajui ninyi ni nani. Kama swali lingekuwa ni kipi rahisi kutumia Jumatatu asubuhi, basi kesi imeisha na ningenyamaza.

Lakini mimi nina kidonda. Kati ya 2005 na 2008 nilikuwa mwanachama wa jukwaa dogo la wanaprogramu. Humo kulikuwa na bwana mmoja ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Nilipokuwa nimekwama kwenye pointa za C, aliniandikia maelezo marefu, na michoro ya visanduku aliyoichora kwa herufi tupu. Siku ile ndipo nilipoelewa. Nami baadaye nikakaa humo nikijibu wengine, jioni baada ya jioni, kwa sababu ndivyo deni la namna hiyo linavyolipwa. Asubuhi moja nikafungua nikakuta matangazo ya biashara. Mwenye jukwaa alikuwa ameacha kulipia jina la tovuti. Labda alichoka, labda aliugua. Hatukuwa na namba yake ya simu. Internet Archive ilikuwa imeshika kurasa chache za mbele tu. Michoro ile ya visanduku hakuna aliye nayo, hata mimi. Niliamini ipo pale, nitarudi kuisoma.

Linganisha na jambo hili. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds alituma ujumbe mfupi katika kikundi cha comp.os.minix, akisema anatengeneza mfumo wa uendeshaji kama jambo la kujifurahisha. Ujumbe huo unasomeka hadi leo. Haukuhifadhiwa na mtu mmoja mwema. Ulisambaa katika seva nyingi, na ilitosha baadhi ya wenye nakala wasizitupe.

Mwaka 2010 Microsoft ilifunga seva yake ya vikundi vya habari na kuwaelekeza watu kwenye majukwaa yake. Lakini vikundi vyenyewe, vile vinavyoanza na microsoft.public, viliendelea kubebwa na seva nyingine ambazo Microsoft haikuwa na amri juu yake. Februari 2024 Google Groups nayo iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet. Usenet haikufa siku hiyo. Watu walihamia mlango wa jirani. Jukwaa likifungwa na mwenyewe, jirani hana nakala.

Kwa hiyo nichague nini? Wapo waliokataa kuchagua, nao ni wa lugha ya programu ya D. Jukwaa lao, forum.dlang.org, kwa nje ni jukwaa la wavuti kama mengine, lakini kwa ndani limesimama juu ya seva ya vikundi vya habari. Anayetaka wavuti anaingia kwa wavuti, anayetaka programu yake ya zamani anaingia kwa NNTP, na wote wanazungumza katika mada zilezile. Gharama yake ni ile niliyoitaja, kwamba ujumbe ukishatoka hauhaririwi. Mimi ningeilipa gharama hiyo bila kuomba kupunguziwa.

Najua sisi arobaini hatuna mtu wa kuendesha mtambo kama huo kila siku. Basi niliwaambia wenzangu nitaunga mkono jukwaa la kawaida, kwa masharti matatu. Kwanza, nywila ya seva na ya jina la tovuti ziwe mikononi mwa watu watatu wasioishi nyumba moja, na ada ya jina ilipwe kwa mchango, isitoke mfukoni mwa mtu mmoja. Pili, kila mwezi hifadhidata, ikishaondolewa nywila na barua pepe za wanachama, iwekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuivuta na kuiweka kwake. Tatu, kusoma kusihitaji kujisajili.

Kijana aliyenicheka aliuliza sharti la pili ni la nini, mbona kampuni ya seva ina nakala zake za akiba. Nikamjibu kwamba lile jukwaa langu nalo huenda lilikuwa na nakala za akiba. Zilikuwa kwa mtu yuleyule.

Alikaa kimya kidogo, kisha akajitolea kuwa mmoja wa wale watatu. Tunaanza mwezi ujao, na swali la kwanza kuwekwa litakuwa lile la M-Pesa.